Mtaa wa Motokaa Katika Mji wa Chicago

Mgeni afikaye katika stesheni ya Cermak-McCormick Place, upande wa kusini wa mji wa Chicago, huufikia mtaa huo kutoka juu. Magarimoshi ya umeme ya mji huo hupita juu ya nguzo za chuma, sawasawa na orofa ya pili ya nyumba. Stesheni hiyo ilifunguliwa mwaka 2015, na imefunikwa kwa paa la mviringo mfano wa bomba kubwa, ili abiria wakingwe na upepo na theluji. Upepo wenyewe hutoka katika Ziwa Michigan, ambalo haliko mbali. Ni ziwa kubwa sana, dogo kidogo tu kuliko Victoria Nyanza, na wakati wa baridi pepo zake huuma masikio ya mtu kama nyuki. Mgeni akishuka ngazi na kuelekea mashariki, huvuka barabara ya Wabash, na mara hufika Michigan Avenue. Hapo ndipo penye mtaa ambao Wamarekani huuita Motor Row, yaani Safu ya Motokaa.

Kwa mtazamo wa kwanza mtaa huo hauna la kumstaajabisha mtu aliyetoka kuyaona maghorofa marefu ya katikati ya mji. Nyumba nyingi ni za orofa mbili, tatu au nne, zimeshikana bega kwa bega, na baadhi yake zina madirisha yaliyozibwa kwa mbao. Lakini asiyekuwa na haraka ainue macho. Juu ya madirisha ya chini kuna vigae vya udongo wa kuchoma, vyeupe na vya rangi ya maziwa, vilivyofinyangwa kwa sura ya majani, matunda, ngao na nguzo zilizosokotwa kama kamba. Nyumba iliyo nambari 2222, iliyojengwa mwaka 1922 kwa kampuni ya Hudson, ina nakshi za Kihispania ambazo mtu angetarajia kuziona mbele ya kanisa kuu, wala si mbele ya duka. Jirani yake, nambari 2230, ilikuwa ya kampuni ya Marmon. Zote mbili zilichorwa na mjenzi mmoja, Alfred Alschuler, na katika mwaka mmoja. Swali linalomjia mtu ni hili: duka la kuuza chombo cha chuma na mipira lilihitaji mapambo hayo kwa nini?

Jibu lake liko katika habari za miaka ya nyuma kidogo. Siku ya tarehe 28 Novemba, 1895, gazeti moja la Chicago liitwalo Times-Herald liliandaa mashindano ya magari yasiyovutwa na farasi. Watu wengi wakati huo walikuwa hawajaona gari la namna hiyo hata mara moja. Kabla ya siku hiyo theluji ilianguka kwa wingi, na magari sita tu ndiyo yaliyoweza kuondoka katika bustani ya Jackson Park asubuhi. (Ni bustani hiyo hiyo ambamo kituo cha kumbukumbu za Rais Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, kilianza kujengwa mwaka 2021.) Njia ilipita Michigan Avenue, ikaenda kaskazini hadi mji wa Evanston, ikarudi, jumla yake ilikuwa maili 54 hivi.

Aliyeshinda ni Frank Duryea, aliyeendesha gari la petroli alilolitengeneza pamoja na ndugu yake. Katikati ya safari chuma cha usukani kilivunjika, akalazimika kutafuta fundi wa chuma na kukitengeneza ndipo aendelee. Alifika usiku. Ukiondoa muda aliosimama, alikuwa amesafiri saa 7 na dakika 53, mwendo ambao kijana mwenye baiskeli katika barabara kavu asingeuonea wivu. Zawadi yake ilikuwa dola 2,000. Gari la pili, Benz kutoka Ujerumani, lilifika likiwa na kioja chake: dereva, Oscar Mueller, alizidiwa na baridi na uchovu hata akazirai, na mwamuzi aliyepanda naye ili kuchunguza kwamba sheria zinafuatwa, Charles King, alishika usukani kwa mkono mmoja na kumzuia dereva asianguke kwa mkono wa pili. Magari mengine manne hayakufika.

Hata hivyo magazeti yalieneza habari, na wenye fedha wakapata hamu. Mwaka 1901 Chicago ilifanya maonyesho yake ya kwanza ya motokaa katika ukumbi ulioitwa Coliseum, karibu na mtaa huu. Ndani ya ukumbi palitengenezwa njia ya kuzunguka, ili mtu apakiwe na kuonja mwendo kabla ya kutoa fedha yake.

Wenye fedha hao walikuwa majirani. Mwendo mfupi mashariki ya Michigan Avenue iko Prairie Avenue, ambako katika miaka ya 1880 walikaa matajiri wakubwa wa Chicago: Philip Armour mwenye viwanda vya nyama, Marshall Field mwenye maduka, na George Pullman mwenye mabehewa ya kulala ya garimoshi. Nyumba moja ya wakati huo, ya familia ya Glessner, iliyomalizika mwaka 1887, bado imesimama na wageni huruhusiwa kuitazama. Michigan Avenue yenyewe ilikuwa barabara ya majumba ya fahari, pana na laini, nzuri kwa kumwonyesha mnunuzi jinsi gari linavyoteleza. Basi wauzaji wakayanunua majumba, wakayabomoa moja baada ya jingine, wakajenga maduka yao mahali pale. Majengo ya mtaa huu yanayohifadhiwa sasa yalijengwa kati ya mwaka 1905 na 1936.

Wafanya biashara ya aina moja hupenda kukaa pamoja, kama wauza samaki sokoni, na sababu ni ile ile: mnunuzi akikosa kwa huyu huenda kwa yule, lakini hatoki sokoni. Katika siku za neema, motokaa za aina zaidi ya 100 ziliuzwa katika mtaa huu. Ford, Buick na Cadillac majina yao yangalipo. Lakini nani leo anayeijua Locomobile, Pierce-Arrow, Hupmobile au Thomas? Na hizo hazikuwa takataka. Motokaa ya Thomas ndiyo iliyoshinda mashindano ya kutoka New York hadi Paris mwaka 1908. Ya Marmon ilishinda mashindano ya kwanza ya maili 500 huko Indianapolis mwaka 1911, ikiendeshwa na Ray Harroun. Wenzake walipakia kila mmoja fundi wa kutazama nyuma na kumwambia ni nani anayekuja. Yeye aliweka kioo mbele yake, akaenda peke yake. Kioo kama hicho kimo katika kila motokaa siku hizi, wala hakuna amkumbukaye Harroun anapokitazama.

Nyumba hizo zilijengwa kwa akili nyingi. Chini, nyuma ya vioo vikubwa, palikuwa na ukumbi wa maonyesho wenye dari ya juu na sakafu ya vigae, na motokaa chache tu zilizong'arishwa, zimewekwa mbalimbali kama vyombo vya thamani. Hapakuwa na harufu ya mafuta. Mnunuzi alikaribishwa kitini, akazungumzwa naye kwa upole. Kazi yenyewe ilikuwa juu na nyuma. Lifti kubwa, zenye nguvu za kuinua gari zima, zilipandisha motokaa orofa za juu, ambako sakafu zilikuwa za saruji nzito yenye vyuma ndani, kwa maana sakafu ya mbao ingevunjika au kushika moto. Huko ndiko walikokuwa mafundi wa injini, wapaka rangi, washona viti na watunza spea. Madirisha ya orofa hizo yalikuwa mapana sana, maana fundi huhitaji mwanga kuliko karani. Mlango wa magari mabovu ulikuwa kichochoroni, asije mnunuzi mpya akaona gari la aina ile ile likivutwa kwa kamba.

Mapambo ya nje yalikuwa na kazi yake pia. Motokaa ilikuwa kitu kigeni na ghali, na makampuni mengi yalikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mtu aliyetoa fedha nyingi alitaka kujua kama muuzaji atakuwako mwakani, gari litakapoharibika. Nyumba ya mawe na vigae, iliyo kama benki au kanisa, ilimjibu pasipo maneno kwamba hawa si watu wa kuhama usiku. Jinsi jibu hilo lilivyokuwa la uongo ndiyo habari inayofuata.

Mambo mawili yaliubadilisha mtaa. La kwanza ni bei. Henry Ford alipotoa gari lake la Model T mwaka 1908 bei yake ilikuwa kama dola 850. Kwa kutengeneza magari mengi ya namna moja, kila mfanya kazi akifanya jambo lake moja tu, aliishusha bei mwaka hata mwaka, na katikati ya miaka ya 1920 gari jipya lilipatikana kwa dola chini ya 300. Mkulima wa mahindi wa Illinois na karani wa Chicago wakaanza kuingia katika maduka ambayo zamani waliyatazama kwa nje.

La pili ni mkopo. Mwaka 1919 kampuni ya General Motors ilianzisha tawi maalum la kuwakopesha wanunuzi: mtu hutoa sehemu ya kwanza, huondoka na gari, na salio hulilipa mwezi kwa mwezi pamoja na faida. Ford hakupendezwa na jambo hilo. Aliona kwamba mtu aweke akiba kwanza, ndipo anunue. Mwaka 1923 alianzisha mpango wake, ambao mtu aliweka fedha kidogo kila juma hata bei ikatimia, ndipo akapewa gari. Wengi walianza, wachache wakamaliza. Watu walitaka kulipanda gari leo. Mwaka 1928 Ford naye alisalimu amri, akafungua kampuni ya mikopo kama wenzake. Mtu aweza kubishana ni nani kati yao aliyekuwa na busara zaidi. Katika biashara, aliyeshindwa ni Ford.

Kisha fedha zikaanguka mwishoni mwa mwaka 1929. Wenye madeni walishindwa kulipa, magari yao yakachukuliwa, na wenye fedha taslimu wakaogopa kuzitoa. Makampuni ya magari ya fahari yalikuwa ya kwanza kuzama. Locomobile ilikoma mwaka ule ule wa 1929. Marmon iliacha kutengeneza motokaa mwaka 1933, miaka kumi na mmoja tu baada ya kujengewa ile nyumba nambari 2230. Pierce-Arrow ikafa mwaka 1938. Hudson ilijikongoja hata ikaunganishwa na Nash mwaka 1954, na jina lake likafutika mwaka 1957. Wauzaji waliosalia walihama polepole kwenda pembezoni mwa mji, ambako ardhi ilikuwa rahisi na magari mia yaweza kuegeshwa uwanjani, mapya na yaliyokwisha kutumika, pasipo lifti wala vigae. Kwa kuwa watu sasa waliiamini motokaa, hawakuhitaji tena nyumba ya kuwashawishi.

Kwenye pembe ya Michigan Avenue na Cermak palikuwa na hoteli iliyoitwa Lexington, ambamo mkuu wa wahalifu, Al Capone, aliweka makao yake tangu mwaka 1928 hadi alipofungwa. Yeye alikuwa na Cadillac iliyozungushiwa chuma kuzuia risasi. Watu walivumisha kwamba aliacha hazina katika chumba cha chini, na mwaka 1986 ukuta ulivunjwa mbele ya watazamaji wengi wa televisheni. Zilionekana chupa tupu. Hoteli yenyewe ilibomolewa mwaka 1995, na habari zake hazihitaji zaidi ya hapo, ingawa viongozi wa watalii huzipenda mno.

Mgeni afanye vyema kuendelea kusini hata nambari 2400. Hapo ipo nyumba iliyojengwa mwaka 1936 kwa Chama cha Motokaa cha Illinois, na ni ya mwisho kujengwa kati ya zile zinazohifadhiwa. Vyama vya namna hiyo viliwapa wenye magari ramani, viliwasaidia walioharibikiwa njiani, na kuwapa mahali pa kupumzika na kula. Sasa katika mwaka huo huo wa 1936, huko New York, mtu mweusi aliyekuwa mtumishi wa posta, Victor Green, alianza kutoa kitabu kidogo cha kuwasaidia wenye magari pia. Kitabu hicho kilitaja hoteli, nyumba za kulala, mikahawa na vituo vya petroli ambavyo mtu mweusi angeweza kuhudumiwa pasipo kufukuzwa wala kutukanwa. Kwa maana katika nchi ile mtu mweusi aliweza kununua motokaa, akailipia hata senti ya mwisho, kisha jioni akakosa mahali pa kulaza kichwa, na katika miji mingine akaonywa aondoke kabla jua halijatua. Familia nyingi zilisafiri na chakula chao, na madebe ya petroli nyuma ya gari. Kitabu cha Bw. Green kiliendelea kutolewa kwa miaka thelathini hivi.

Wakati huo huo watu weusi walikuwa wakihamia Chicago kwa maelfu kutoka majimbo ya kusini, na aliyewaita kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa gazeti. Robert Abbott alianzisha gazeti la Chicago Defender mwaka 1905, katika chumba cha kupanga. Husimuliwa kwamba mtaji wake ulikuwa senti 25 na nakala za kwanza zilikuwa 300. Katika miji mingi ya kusini Wazungu hawakutaka lionekane. Basi lilichukuliwa na wale watumishi weusi wa mabehewa ya Pullman, waliotandika vitanda vya abiria usiku na kuangusha mafurushi ya magazeti njiani. Nakala moja ilisomwa na watu wengi, mara nyingine kwa sauti, penye kinyozi au baada ya ibada, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Humo walisoma habari za maonevu, na pia nauli za garimoshi na kazi zilizopatikana Chicago. Wakafunga mizigo.

Lakini huko Chicago nako walisongamana katika sehemu moja ya kusini, kwa sababu wenye nyumba katika sehemu nyingine walifunga mikataba ya kutowauzia wala kuwapangisha. Sehemu hiyo ilipakana na Mtaa wa Motokaa. Kanisa lao la Quinn Chapel, lililojengwa mwaka 1892, lipo barabara ya Wabash, nyuma tu ya maduka haya. Wengi wao walipita mbele ya vioo vile kila siku wakienda kazini.

Mwaka 1960 Chicago Defender, ambalo lilikuwa limekwisha kuwa gazeti la kila siku chini ya John Sengstacke, mpwa wa Abbott, lilihamia katika nyumba nambari 2400, ile ile ya chama cha motokaa. Waandishi wakaweka meza zao mahali ambapo wenye magari walikuwa wakipumzika. Kutoka humo habari za Martin Luther King ziliandikwa alipokuja Chicago mwaka 1966 kudai haki ya watu weusi kukaa popote mjini. Gazeti lilikaa katika nyumba hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 2019 liliacha kuchapishwa kwa karatasi. Mpita njia asiyejua haya hataona ila nyumba ya kupendeza kidogo, na ni aibu kwamba watu wengi hupita hivyo.

Kuna mlango mwingine unaostahili kusimamiwa, nao ni nambari 2120, kaskazini ya Cermak. Nyumba ni nyembamba na ya kawaida. Tangu mwaka 1957 hadi 1967 ilikuwa ya ndugu wawili waliotoka Poland, Leonard na Phil Chess, waliorekodi humo muziki wa watu weusi. Muddy Waters, aliyetoka mashambani Mississippi mwaka 1943 na kuendesha lori la kupeleka mizigo kabla ya kupata riziki kwa gitaa, aliimba humo. Chuck Berry naye, ambaye alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha bodi za motokaa huko St. Louis, na ambaye wimbo wake wa kwanza kujulikana, wa mwaka 1955, ni kisa cha Ford ikiifukuza Cadillac. Vijana wa Kiingereza waitwao Rolling Stones walikuja mwaka 1964 ili tu warekodi katika chumba kile kile. Nyumba hiyo ilinunuliwa na mjane wa Willie Dixon, aliyewatungia wengi wao nyimbo, na sasa wageni huonyeshwa ngazi nyembamba ambazo vyombo vya muziki vilipandishwa.

Mwaka 2000 Halmashauri ya Mji iliutangaza Mtaa wa Motokaa kuwa mahali pa historia, na mwenye nyumba haruhusiwi kubomoa wala kubadili sura ya mbele pasipo kibali. Sheria yaweza kuzuia nyundo, lakini haiwezi kumleta mpangaji. Nyumba kadhaa zimegeuzwa kuwa makazi, na wakaaji wake husifu madirisha mapana yaliyowekwa kwa ajili ya mafundi. Nyingine zimekaa tupu muda mrefu. Mipango ya kuufanya mtaa uwe wa muziki na mikahawa imetangazwa zaidi ya mara moja, na mingine imekwama njiani. Mwaka 2017 uwanja mpya wa mpira wa kikapu ulifunguliwa jirani, na wenyeji wanaulizana kama umati utawanufaisha au utawapandishia kodi.

Ng'ambo kidogo ni McCormick Place, majumba makubwa mno ya mikutano, ambamo Barack Obama alihutubia usiku wa ushindi wake mwaka 2012, na tena alipoaga mwaka 2017. Yale maonyesho ya motokaa yaliyoanza mwaka 1901 hufanywa humo siku hizi, wakati wa baridi. Siku hizo Michigan Avenue hujaa. Watu hutafuta mahali pa kuegesha, hukunja makoti shingoni, na kwenda kwa haraka kutazama magari mapya, wakipita chini ya vigae vya Hudson na Marmon.